Umeinunua roboti, lakini ni nani mwenye akili yake?

Na Mwandishi Wetu

KATIKA miezi mitatu ya mwisho ya mwaka 2025, nguzo mbili ambazo kwa muda mrefu zimeibeba kazi ya watu wanaojiundia roboti majumbani zilitikisika kwa kufuatana.

Oktoba 7, kampuni ya Qualcomm ya Marekani, inayojulikana zaidi kwa chipu za simu za mkononi, ilitangaza kuwa inainunua Arduino, kampuni yenye asili ya Italia ambayo bodi zake ndogo ndizo ubongo wa roboti nyingi zinazoundwa na wanafunzi na mafundi wa kujifunza duniani kote.

Desemba 14, zamu ikawa ya iRobot, watengenezaji wa Roomba, roboti ya kusafisha sakafu. Kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama ya kufilisi nchini Marekani, na kueleza kuwa itachukuliwa na Picea, kampuni ya China iliyokuwa ikiwaundia roboti hizo kiwandani na ambayo pia ilikuwa ikiwadai fedha.

Kwa msomaji wa kawaida hizi ni habari za biashara, za matajiri kuuziana mali. Lakini kwa yule ambaye jioni, baada ya kazi, hukaa mezani na bisibisi na waya akiijenga mashine yake mwenyewe, habari hizo zinafufua swali lililoanza kuulizwa zaidi ya miaka 20 iliyopita. Mtu akinunua roboti kwa fedha yake halali, je, anakuwa mwenye roboti hiyo? Au amenunua gamba tu, huku akili yake ikibaki mali ya aliyemuuzia?

Jibu la swali hili si la wapenda mchezo peke yao. Linamgusa kila anayenunua chombo chenye kompyuta ndani yake, na siku hizi ni vigumu kukipata kisicho nayo.

Ili tuelewane, ni vyema tuanze na mashine yenyewe. Roboti, iwe ya bei kubwa au ndogo, ina mambo matatu. Kwanza ni vihisio, yaani macho na masikio yake. Pili ni viungo, ambavyo kwa kawaida ni mota za umeme. Tatu ni ubongo, kompyuta ndogo inayopokea habari kutoka kwa vihisio na kuviamuru viungo la kufanya.

Kihisio kinachopendwa sana na wanaoanza hufanya kazi kama popo: hutoa sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia, kisha hupima muda ambao mwangwi unachukua kurudi. Ubongo hupiga hesabu na kujua ukuta uko umbali gani, nao huiamuru mota ya kulia au ya kushoto kupunguza kasi ili roboti igeuke. Hakuna uchawi wowote hapo. Ni hesabu, waya na uvumilivu.

Kilichokuwa kigumu zamani ni ubongo. Kompyuta ndogo za namna hiyo zilihitaji vifaa vya gharama na ujuzi wa mhandisi. Mwaka 2005, walimu na wanafunzi wa chuo kimoja cha usanifu katika mji wa Ivrea, Italia, walibuni Arduino kwa ajili ya watu wasio wahandisi. Jambo la maana zaidi ni kwamba waliiweka michoro yake wazi. Yeyote aliruhusiwa kuitazama, kuibadili na hata kutengeneza bodi yake kwa kuifuata, mradi asitumie jina lao. Ndiyo maana leo bodi za mfano huo zinazotengenezwa China hupatikana kwa bei ambayo mwanafunzi anaweza kuimudu.

Hiyo ni njia ya kwanza ya kupata roboti nyumbani: kuijenga tangu mwanzo. Njia ya pili ni kuinunua iliyokwisha kuundwa, kuifungua, na kuifanya itende mambo ambayo aliyeiunda hakuyawaza. Ugomvi ulizaliwa katika njia hii ya pili.

Juni 1999, kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza mbwa wa plastiki na chuma aliyeitwa AIBO. Aliuzwa kwa yeni 250,000, na mbwa 3,000 waliotengwa kwa ajili ya Japani walikwisha kwa takriban dakika 20. Aliweza kutembea, kufuata mpira na kuonyesha furaha au hasira kwa taa za machoni. Programu zake zilihifadhiwa katika kadi ya kumbukumbu, zikiwa zimefungwa kwa maandishi ya siri.

Haikuchukua muda mrefu mpenzi mmoja wa mbwa huyo, aliyejiita AiboPet, akaifungua siri hiyo. Akaandika programu mpya na kuzigawa bure. Moja ilimfanya mbwa acheze disko, nyingine iliwawezesha wenye mbwa kuona kupitia kamera ya machoni mwake. Hakuwa akiuza chochote. Kila aliyetaka kuzitumia alilazimika kwanza kumnunua mbwa kutoka Sony.

Pamoja na hayo, mwishoni mwa mwaka 2001 Sony ilimwandikia ikimtaka aziondoe programu hizo, kwa hoja kwamba alikuwa amevunja kinga ya hakimiliki. Sheria iliyotajwa ni ile ya Marekani ya mwaka 1998, iliyotungwa hasa kuzuia uharamia wa filamu na muziki. Sheria iliyokusudiwa kumkamata mwizi wa filamu ikatumika dhidi ya mtu aliyemfundisha mbwa wake kucheza.

Wenye mbwa walikasirika. Wengi waliahidi kutonunua tena bidhaa za kampuni hiyo, wakisema kuwa bila programu hizo mbwa wao alikuwa pambo la sebuleni. Sony ilitafakari, ikalegeza msimamo, na mwaka 2002 ikatoa zana za kumwandikia AIBO programu, bure kwa wasiofanya biashara.

Matokeo yake yanafaa kuangaliwa kwa makini. Katika mashindano ya kimataifa ya RoboCup, vyuo vikuu viliwachezesha mbwa hao kandanda katika ligi yao maalumu kuanzia mwaka 1999 hadi 2008. Mashine iliyouzwa kama kitu cha kuchezea ikawa chombo cha utafiti, kwa sababu waliokuwa nayo waliweza kuufikia ubongo wake.

Wakati Sony ikijifunza kwa kuumia, wenzao wa Denmark walikuwa wameshalijua somo hilo. Mwaka 1998, kampuni ya Lego ilitoa sanduku la kuundia roboti lililoitwa Mindstorms. Jina hilo lilitokana na kitabu cha mwaka 1980 cha Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, ambaye aliamini kuwa mtoto hujifunza vizuri zaidi anapojenga kitu kwa mikono yake.

Muda mfupi tu baada ya sanduku hilo kuingia madukani, Kekoa Proudfoot wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa ameshachambua jinsi ubongo wake unavyofanya kazi, na akayaweka hadharani aliyoyaona. Wengine wakafuata na programu mpya za msingi zilizoipa mashine hiyo uwezo zaidi. Wakubwa wa Lego walikuwa na njia mbili: kwenda mahakamani au kunyamaza. Walichagua ya tatu. Waliingiza katika masharti ya matumizi ruhusa ya watu kuzibadili programu hizo, na walipoandaa toleo la mwaka 2006 waliwaita baadhi ya wapenzi hao waje kusaidia kulibuni.

Naye Roomba, aliyeingia sokoni mwaka 2002 kwa bei ya takriban dola 200, alipata bahati kama hiyo. Watu waligundua tundu la kuunganishia waya chini ya kifuniko chake. iRobot haikulikana tundu hilo. Ilichapisha lugha ya kuzungumza na mashine hiyo, na mwaka 2007 ikauza toleo lisilofagia kabisa, lililotengenezwa kwa ajili ya watu waliotaka kuweka juu yake kamera, mikono au kompyuta zao. Roomba wa aina hiyo wamefundishia wanafunzi wengi wa uhandisi.

Kwa hiyo ukisimama mwaka 2007 na kutazama nyuma, ungeweza kusema kuwa fundi wa nyumbani alikuwa ameshinda. Lakini ushindi ule ulikuwa na sababu moja ambayo wachache waliitambua wakati huo: ubongo wa roboti zile ulikuwa ndani ya roboti. Aliyeweza kulifungua gamba aliukuta. Miaka iliyofuata, kampuni zikauhamisha.

Teknolojia ya intaneti ilipokuwa ya haraka na rahisi, ilionekana ni busara kuweka kompyuta dhaifu ndani ya roboti na kuiacha kazi nzito ya kuelewa maneno au kuzitambua sura ifanywe na seva za kampuni, mbali na nyumbani. Roboti ikawa nyepesi, ya bei nafuu kuiunda, na yenye uwezo mkubwa. Lakini pia ikawa kama mtoto ambaye kitovu chake hakijakatwa.

Jibo, roboti ya mezani ya Marekani iliyofikishwa kwa wanunuzi mwaka 2017, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuonyesha hatari hiyo. Kampuni ilipokufa, mwaka 2019 roboti zenyewe zilianza kuwatangazia wenye nyumba kuwa seva zao zingezimwa, na kuwashukuru kwa kukaa nazo.

Mkasa wa Moxie ulikuwa mzito zaidi. Hii ilikuwa roboti ya dola 799, iliyotengenezwa California na kampuni ya Embodied ili kuzungumza na watoto wa miaka mitano hadi 10, wakiwamo wale wenye shida ya kushirikiana na wenzao. Desemba 2024, kampuni ilitangaza kuwa imekosa fedha na inafunga. Wazazi waliachiwa kazi ya kumweleza mtoto kwa nini rafiki yake hatazungumza tena. Kilichozipunguzia makali habari hizo ni kwamba baadaye watengenezaji walitoa programu ya kumwezesha mwenye Moxie kuendesha seva yake mwenyewe. Aliyekuwa na ujuzi, au aliyekuwa na jirani mwenye ujuzi, aliweza kuiokoa roboti ya mwanawe.

Hata AIBO mwenyewe amepita njia hiyo. Sony iliacha kuwatengeneza mwaka 2006, na mwaka 2014 ikafunga huduma ya matengenezo. Mafundi waliowahi kufanya kazi katika kampuni hiyo wakaanzisha karakana ya A-Fun, ambako mbwa "waliokufa" hutoa viungo vya kuwaponya walio hai. Tangu mwaka 2015, kabla ya kufunguliwa, mbwa hao wamekuwa wakiombewa na makuhani wa hekalu la Kibudha la Kofukuji katika mji wa Isumi. Msomaji anaweza kucheka, lakini ukweli wa kiufundi uko palepale: mbwa wa mwaka 1999 anaweza kufufuliwa na fundi kwa sababu akili yake imo katika kadi iliyo tumboni mwake.

Mbwa mpya wa Sony, aliyeanza kuuzwa Januari 2018 kwa yeni 198,000, aliambatana na ada ya huduma ya yeni 90,000 kwa miaka mitatu, na sehemu ya akili na kumbukumbu zake ikawa katika seva za kampuni. Siku seva hizo zitakapozimwa, fundi wa viungo peke yake hatatosha.

Haki inatutaka tuusikilize na upande wa pili. Kampuni zina hoja tatu ambazo si za kupuuzwa. Ya kwanza ni usalama wa mwili: betri za lithiamu zikichezewa vibaya hushika moto, na mota yenye nguvu inaweza kukata kidole. Ya pili ni siri za nyumbani. Roboti yenye kamera hupita chumba kwa chumba, na programu iliyobadilishwa na mtu asiyejulikana inaweza kuwa mlango wa jasusi. Ya tatu ni jasho lao, kwani aliyetumia miaka kuandika programu ana haki ya kuilinda isiibwe na mshindani.

Hoja ya kwanza ni ya kweli, lakini dawa yake ni elimu na maelekezo. Hatukufunga boneti za magari kwa kufuli eti kwa sababu injini huunguza.

Hoja ya pili inajikwaa kwenye ushahidi. Desemba 2022, jarida la MIT Technology Review lilifichua kuwa picha zilizopigwa na roboti za majaribio za iRobot, moja ikimwonyesha mwanamke akiwa msalani, zilikuwa zimevujishwa na vibarua wa mtandaoni waliopewa kazi ya kuzichambua. Mwaka 2024, wahalifu waliziteka baadhi ya roboti za kufagia za kampuni ya Ecovacs nchini Marekani na kuzitumia kuwatukania watu ndani ya nyumba zao. Hakuna fundi wa nyumbani aliyehusika na uvujaji ule wala udhaifu huu. Kinyume chake, wapo wapenda roboti walioandika programu kama Valetudo, ambayo humwezesha mwenye roboti ya kufagia kuikata kabisa na seva za mbali, ili picha na ramani za nyumba yake zisitoke nje ya mlango.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na ndiyo iliyozaa sheria. Nchini Marekani, sheria ile ya mwaka 1998 bado ipo. Kila baada ya miaka mitatu hutolewa ruhusa maalumu, na zile za mwaka 2018 na 2021 zilipanua haki ya mtu kufungua programu za vifaa vyake kwa ajili ya kuvitengeneza. Lakini ruhusa hizo zina kasoro kubwa. Zinakuruhusu kuifungua roboti yako, ila haziondoi katazo la kumpa mwenzako zana ya kuifungulia ya kwake. Kwa maneno mengine, kila mtu awe mhandisi wa kujitegemea au akae kimya. Kosa aliloambiwa AiboPet mwaka 2001 halijafutwa.

Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 agizo la haki ya matengenezo, na nchi wanachama zikapewa hadi Julai 31, 2026 kuanza kulitekeleza. Orodha ya bidhaa zinazohusika inazitaja mashine za kufyonza vumbi. Hata hivyo, kanuni ya mwaka 2013 inayotumika kuzieleza mashine hizo iliziacha nje zile za roboti. Chombo chenye akili nyingi, na hivyo kinachohitaji ulinzi zaidi, ndicho kilichosahauliwa.

Hapa ndipo tunarudi kwenye habari za mwisho wa mwaka 2025. Mwezi mmoja tu baada ya tangazo la Qualcomm, Arduino ilitoa masharti mapya yaliyokuwa na kifungu kinachokataza kuchambua mfumo wake wa ndani. Wapenzi wake walipiga kelele. Kampuni ilijibu kuwa katazo hilo linahusu huduma zake za mtandaoni tu, na kwamba bodi na michoro iliyokwisha kuwekwa wazi itabaki wazi. Hatuna sababu ya kulikataa jibu hilo. Lakini wahenga walituasa tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha, na kampuni iliyokuzwa na mafundi wa mezani inapaswa kukumbushwa hilo kila inapobadili masharti.

Je, sisi wa Afrika Mashariki yanatuhusu nini haya?

Yanatuhusu kuliko wengine. Mwaka 2012, mtandao wa roboti wa Afrika, AFRON, ulioanzishwa na Ayorkor Korsah wa Chuo Kikuu cha Ashesi nchini Ghana na Ken Goldberg wa Berkeley, uliendesha shindano la kubuni roboti ya kufundishia kwa takriban dola 10. Miongoni mwa washindi ilikuwamo roboti ya dola 8.96 iliyoundwa kwa kidhibiti cha michezo ya video kilichofunguliwa na kubadilishwa, huku pipi za kijiti zikitumika kama uzani. Iliwezekana kwa sababu kidhibiti kile hakikuwa na kufuli. Kingekuwa kimefungwa kwa maandishi ya siri na kutegemea seva ya ng'ambo, mwanafunzi angebaki na pipi zake tu.

Uchumi wetu wa vifaa umejengwa juu ya msingi huohuo. Redio, simu na kompyuta zilizochoka kwingine hupata uhai wa pili katika vibanda vya mafundi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi. Vijana wengi waliojua umeme katika nchi zetu walijifunza kwa kufungua kitu kilichoharibika, kabla hawajaingia darasani. Roboti za kufagia na za kuchezea nazo zitatufikia kwa njia hiyohiyo, zikiwa zimetumika. Zikitufikia zikiwa maiti kwa sababu seva ilizimwa, tutakuwa tumepokea takataka za plastiki na betri, na fundi wetu atakuwa amenyang'anywa shule yake.

Watunga sheria wetu wana la kufanya. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kwa mfano, nayo inagusa kosa la kuvunja kinga za kiufundi. Busara ni kutenganisha waziwazi mtu anayevunja kinga ili auze kazi ya mwenzake na mtu anayeifungua mashine aliyoinunua ili aitengeneze, aijifunze au aibadili. Wa kwanza ni mwizi. Wa pili ni mwanafunzi, na huenda kesho akawa mwajiri.

Pili, shule na vyuo vinavyonunua vifaa vya kufundishia roboti viulize swali moja kabla ya kulipa: kampuni hii ikifa kesho, vifaa hivi vitaendelea kufanya kazi? Swali hilo si la nadharia. Lego yenyewe iliiacha Mindstorms mwishoni mwa mwaka 2022, baada ya miaka 24. Masanduku ya zamani bado yana manufaa madarasani kwa sababu wapenzi wake walikuwa wamekwisha kuandika programu mbadala ambazo hazimtegemei mtu.

Tatu, kampuni zenyewe ziwekewe wajibu kwamba siku zinapoizima seva, ziachie funguo, kama ilivyofanyika kwa Moxie. Hilo haliwanyimi faida, kwa kuwa bidhaa ambayo mwenye kiwanda ameitelekeza haina tena soko la kulindwa.

Miaka zaidi ya 20 iliyopita mtu mmoja alimfundisha mbwa wa plastiki kucheza disko, na kampuni kubwa ikafikiri imeibiwa. Baadaye ilibainika kuwa hakuna kilichopungua ghalani mwake, na kwamba mbwa wake wakawa na thamani zaidi. Somo hilo limelipiwa gharama mara nyingi, na Sony, na wazazi wa watoto wa Moxie, na wote walionunua Jibo. Wanaoandika masharti mapya leo hawana kisingizio cha kusema hawakulijua.